Pikapu ina nguvu farasi kibao, mbona haikimbii?

Wenye pikapu wakikutana, swali hili halikosi. Gari lina nguvu farasi 150, linabeba tani moja bila kulalamika, linapanda mlima huku wenye gari dogo wakiwa wamehamia gia ya pili. Lakini kwenye tambarare likifika 170, mshale unagoma. Unakanyaga mafuta hadi chini, injini inanguruma, spidi haiongezeki. Mmoja atakuambia injini imechoka, wa pili atasema gia zake ni fupi, na wa tatu anayo programu ya kompyuta ya injini ya kukuuzia. Mara nyingi gari halina ubovu wowote. Limefika pale ambapo injini na hewa vimelingana ubavu.

Ubavu huo haupimwi kwa injini peke yake. Februari 2004, Dodge Ram SRT-10, yenye injini ya V10 ya lita 8.3 na nguvu farasi 500, iliweka rekodi ya dunia ya pikapu ya kiwandani yenye mwendo mkubwa kuliko zote: karibu kilomita 249 kwa saa. Mei 2006 rekodi hiyo ikavunjwa Woomera, Australia, na HSV Maloo R8 iliyofika kilomita 271 kwa saa. Injini ya Maloo ilikuwa na nguvu farasi zisizozidi 400. Imepungukiwa na mia nzima, na bado ikampita mwenzake kwa zaidi ya kilomita 22. Tutaona ilivyowezekana.

Torki si nguvu

Mabishano mengi huanzia kwenye kuchanganya maneno haya mawili. Chukua nati iliyokaza na spana mkononi. Ule msukumo wa kusokota unaoutia kwenye nati ndio torki. Unaweza kusukuma mpaka mishipa ya shingo ikutoke na nati isisogee: torki ipo, kazi hakuna. Nati ikianza kuzunguka, torki ukiizidisha kwa kasi ya mzunguko ndipo unapata nguvu. Nguvu farasi moja ya kipimo cha metriki ni kuinua kilo 75 mita moja juu kila sekunde, sekunde baada ya sekunde, bila kupumzika.

Dizeli ya pikapu inaweza kutoa torki ya nyutoni-mita 400 ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Kwenye tangazo namba hiyo inatisha. Ukiigeuza kuwa nguvu, inatoka farasi kama 114. Torki hiyo ya mizunguko ya chini ndiyo inayokuondoa na mzigo bila kuibana klachi. Spidi ya juu kabisa ni hesabu ya nguvu farasi, na hapo dizeli nyingi hazina ukubwa ule unaodhaniwa kwa kusikiliza mngurumo wake.

Upande wa pili wa kamba, kwenye tambarare, wanavuta wawili tu. Wa kwanza ni matairi. Kila tairi linapogusa lami linabonyea na kurudi, na kazi hiyo inaliwa kwenye injini. Kwa gari la tani mbili, ni kama vile umefunga kamba nyuma, ukaipitisha kwenye kapi na kuning'iniza mzigo wa kilo 24 unaokurudisha nyuma. Uzito huo haubadiliki sana uwe kwenye 60 au 160. Wa pili ni hewa, na huyu habari yake ni nyingine.

Kilo mia moja za hewa kila sekunde

Hewa tunaiona kama si kitu kwa sababu tunaishi ndani yake. Mita moja ya ujazo ya hewa ya karibu na usawa wa bahari ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Pikapu ya kawaida ukiitazama kwa mbele, kuanzia matairi hadi paa, ina uso wa kama mita 3 za mraba. Ikienda kilomita 100 kwa saa inapita mita karibu 28 kila sekunde. Zidisha: inakutana na kilo 100 za hewa kila sekunde. Kwenye 170 ni kilo 170. (Kwa uso wa ukubwa huo, namba ya spidi na namba ya kilo zinalingana. Ni bahati ya hesabu tu, lakini inasaidia kukumbuka.)

Hewa hiyo yote haina budi kusogezwa ipishe. Ni kwa ukali gani inasogezwa, hilo linategemea umbo. Aliyewahi kubeba bati siku ya upepo anajua: ukiligeuza ubavu linapita, ukilielekeza uso mzima kwa upepo linakuburuta wewe. Wahandisi wana namba ya umbo wanayoiandika Cd. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo hewa inavyoteleza vizuri. Gari dogo la kisasa lina 0.25 hadi 0.30 hivi. Pikapu nyingi ziko kati ya 0.40 na 0.50, ingawa wapo waliojitahidi: Ram 1500 ya mwaka 2019 ilitangazwa kwa 0.357, na Rivian R1T ya umeme kwa 0.30.

Pikapu inaharibiwa zaidi na mgongo wake kuliko uso wake. Hewa inapanda boneti, inapanda kioo cha mbele, inapita juu ya paa, halafu ghafla paa linaisha. Hakuna mteremko wa kuishusha taratibu. Inaachana na gari pale nyuma ya kebini na kuzalisha vurugu ya vimbunga vidogo, na mahali penye vurugu hiyo mgandamizo wa hewa unashuka. Mbele hewa inakusukuma, nyuma inakunyonya. Chini kuna ekseli, difu, fremu, tangi na tairi la akiba, vyote vikining'inia wazi na kukwangua hewa. Gari lenyewe limenyanyuliwa ili lipite kwenye mawe, kwa hiyo hewa inayoingia chini ni nyingi. Kila kinachoifanya pikapu iwe pikapu ni adui wa spidi.

Bei inayopanda mara nane

Sasa twende kwenye kiini chenyewe. Ukiongeza spidi mara mbili, unakutana na hewa mara mbili zaidi kila sekunde, na kila kilo ya hewa hiyo unaisukuma kwa mwendo mara mbili. Mbili mara mbili: hewa inakurudisha nyuma kwa kani ya mara nne. Tena safari hii unaisukuma kani hiyo kwa umbali mara mbili ndani ya sekunde ileile. Kwa hiyo nguvu ya kuishinda hewa inapanda mara nane.

Tuweke namba. Pikapu ya tani mbili, uso wa mita 3 za mraba, Cd ya 0.42. Kwenye 100 kwa saa, hewa na matairi kwa pamoja vinadai nguvu farasi 31 hivi kwenye magurudumu. Hapo injini ya farasi 150 inatembea huku inapiga mluzi. Kwenye 140 deni limefika 73. Kwenye 160 ni 105. Kwenye 180 ni 145, na kwenye 200 ni 194.

Kumbuka kwamba nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi za gari ni ya injini, haijapita kwenye giaboksi, shafti na difu. Njiani humo inapotea kama asilimia 15. Farasi 150 zinafika kwenye lami zikiwa 127. Tafuta 127 kwenye orodha ile: inaangukia kati ya 160 na 180, na hesabu kamili inatoa 172. Hapo ndipo mshale unapogoma. Mzigo ule wa kwenye kapi umetoka kilo 60 za hewa kwenye 100 hadi zaidi ya kilo 170, na injini haina cha kuongeza.

Hata kabla ya kugoma, gari linakuwa limeshaanza kujivuta. Kwenye 100, kama gia ni sahihi, pikapu hii bado inaweza kuongeza karibu kilomita 4.6 za spidi kila sekunde. Kwenye 160 inaongeza 0.7. Kwenye 170 inahitaji zaidi ya sekunde nane kupata kilomita moja tu, na ndani ya sekunde hizo imekwishakula mita 400 za barabara. Mtu anayesema gari lake "lilikuwa bado linapanda" alipoachia mafuta, pengine anasema kweli. Lilikuwa bado linapanda, kwa kilomita mbili.

Angalia sasa maana yake kwa anayetaka kununua nguvu. Ukiongeza farasi 20 kwa programu, 172 inakuwa 180. Ukibadilisha injini kabisa na kuweka ya farasi 300, yaani mara mbili, unapata kama 220. Nguvu imeongezeka kwa asilimia 100, spidi kwa 28. Upande wa umbo, ukipunguza mzigo wa hewa kwa asilimia 10 tu, bila kuigusa injini, unafika 178. Na njia hiyo inakwenda pande zote mbili: keria ya paa, ngao ya chuma ya mbele, taa za ziada na springi za kunyanyua gari vikikuongezea asilimia 15 ya mzigo wa hewa, unashuka hadi 165. Wengi hutumia fedha nyingi kununua programu huku keria tupu ikiwa juu ya paa mwaka mzima.

Na hapo ndipo Maloo ilipomshinda Ram. Maloo ilijengwa juu ya gari la saluni: fupi kwa kimo, nyembamba, imelalia barabara. Ram SRT-10 ilikuwa pikapu kubwa kamili. Ukipiga hesabu ya kurudi nyuma kutoka kwenye rekodi zao, mzigo wa hewa wa Maloo, yaani uso ukizidishwa kwa namba ya umbo, unatoka kama sita kwa kumi ya ule wa Ram. Faida hiyo ililipa pengo la farasi mia na kubaki na chenji.

Gia ya mwisho si lazima iwe ya spidi

Injini haina nguvu yake yote kila wakati. Dizeli nyingi za pikapu hufika kileleni karibu na mizunguko 3,400 kwa dakika; ukipita hapo nguvu inashuka. Ili gari lifike spidi ambayo hewa inaruhusu, lazima gia iiweke injini karibu na kilele hicho kwenye spidi hiyohiyo.

Chukua matairi ya 265/65 R17, ambayo mzingo wake ni mita 2.44. Kwenye 172 kwa saa yanazunguka kama mara 1,175 kwa dakika. Difu ya uwiano wa 3.9 (shafti inazunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja) na gia ya sita ya 0.75 (injini inazunguka mara 0.75 shafti ikizunguka mara moja) inaiweka injini kwenye 3,440 hivi. Imelenga shabaha. Sasa weka gia ya mwisho ndefu ya kubana mafuta, yenye 0.60: injini inashuka hadi 2,750, ambako nguvu yake bado haijakamilika. Gari hilo litakimbia zaidi kwenye gia iliyo chini ya ile ya mwisho. Madereva wa zamani wanaojua kurudisha gia moja nyuma pale gari linapoanza kuzubaa wana hoja nzuri ya kifizikia, hata kama hawajawahi kuisoma.

Matairi makubwa yanafanya jambo lilelile kwa mlango wa nyuma. Ukitoka 265/65 hadi 285/70, kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 7. Gia zote zimerefuka, injini imeshuka kwenye mizunguko, uso wa gari umepanda juu, na mshale wako sasa unasoma pungufu: unaposema 160, barabarani uko kwenye 171.

Yanayosemwa na yalivyo

"Fungua kilango cha nyuma, upepo upite." Hili linaaminiwa sana na ni kinyume. Kilango kikifungwa, hewa iliyonaswa nyuma ya kebini inajikunja na kuzunguka kama mto wa kulalia uliojaa hewa, na hewa inayotoka juu ya paa inateleza juu ya mto huo. Ukikishusha, au ukaweka wavu badala yake, mto unavunjika na vurugu inaongezeka. Majaribio ya kwenye handaki la upepo yameonyesha hivyo tena na tena. Kinachosaidia ni kifuniko bapa cha sehemu ya mizigo, nacho faida yake ni asilimia chache. Kanopi inategemea umbo: inayoteremka nyuma inaweza kusaidia, iliyo ndefu kuliko paa la kebini ni ukuta mwingine.

"Mzigo ndio unaoua spidi." Kwenye tambarare, si sana. Tani moja nyuma inaongeza kazi ya matairi tu. Pikapu yetu ya 172 inashuka hadi 168. Itachukua muda mrefu zaidi kufika huko, na ikikutana na mlima hesabu inabadilika kabisa, kwa sababu sasa unainua tani tatu. Na huu si ushauri wa kukimbia na mzigo hata kidogo: breki na matairi yanayobeba tani ile hayajali kwamba hewa haikuona tofauti.

"Kwenye nyanda za juu gari linakosa pumzi." Nusu kweli. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 18. Injini isiyo na tabo (feni ya kuijazia injini hewa) inapoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribiana na hicho, lakini na upinzani wa hewa umepungua vilevile, kwa hiyo spidi ya juu haibadiliki sana; unachokisikia ni uvivu wa kuongeza mwendo na kupanda mlima. Yenye tabo inajaziwa hewa kwa nguvu na kubakiza sehemu kubwa ya farasi zake, hivyo huko juu inaweza hata kukimbia kidogo zaidi.

"Langu lilifika 190." Inawezekana mshale ulifika. Kanuni za kimataifa za vipima mwendo zinakataza mshale kusoma chini ya spidi halisi, lakini zinauruhusu kuzidisha kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari lililo kwenye 160 halisi linaweza kukuonyesha hadi 180 bila kuvunja kanuni. Ongeza mteremko wa asilimia 5: kwa gari la tani mbili huo unakusukuma kama kilo 100 zilizofungwa mbele. Upepo nao: ule wa kilomita 20 kwa saa ukikujia usoni unaitoa pikapu yetu kutoka 172 hadi 160. Pima kwa GPS, kwenye barabara iliyofungwa kwa ajili hiyo, nenda na kurudi, uchukue wastani. Bila hivyo umepima barabara na upepo.

Pale kiwanda kinapokata mapema

Kuna magari ambayo hayaifikii hewa kabisa. Ram TRX ilitoka na nguvu farasi 702, lakini ilikuwa inakatwa kwenye kilomita 190 hivi kwa saa. Kompyuta ya injini inapunguza mafuta na mchezo unaishia hapo.

Sababu kubwa ni matairi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa namba za vipimo, kuna herufi: Q ni 160, R ni 170, S ni 180, T ni 190, H ni 210. Tairi zito la njia mbaya lina mpira mnene unaopata joto kila unapobonyea. Ukizidisha spidi ya herufi yake, joto linaachanisha tabaka na tairi linapasuka. Sababu nyingine ni shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu. Kila shafti ina kasi ambayo ikifika inaanza kupinda katikati na kuruka kama kamba ya watoto. Ndiyo maana pikapu ndefu huwa na shafti ya vipande viwili na beringi ya katikati. Anayekuondolea kidhibiti mwendo kwa kompyuta bila kuuliza herufi ya matairi yako amekuuzia nusu ya kazi.

Kujua lako limekwama wapi

Ukiangalia mshale wa mizunguko pale spidi inapogoma, gari linakuambia lenyewe. Likikata ghafla kwenye namba ileile kila mara, kwenye mteremko na kwenye tambarare, injini ikiwa haijafika hata eneo jekundu, hicho ni kidhibiti. Mizunguko ikiwa imegonga eneo jekundu, gia zimekwisha. Spidi ikififia taratibu, mizunguko ikiwa karibu na kilele cha nguvu, na upepo kidogo tu ukiibadilisha namba, umekutana na hewa, na fundi hana cha kukurekebishia.

Kinachostahili kwenda gereji ni gari linalogoma mapema, tuseme kwenye 120 au 130, ilhali lilikuwa likifika mbali. Mizunguko iko chini, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, gari halina hamu. Moshi mweusi ukitoka, hewa haitoshi: angalia filta ya hewa, kisha mipira ya tabo na bomba zake, sehemu za kwenye klipu hasa, kwa sababu ufa mdogo hufunguka tabo ikijaza na kujifunga injini ikilala. Moshi usipotoka na nguvu haipo, anza na filta ya dizeli. Taa ya injini ikiwaka, huenda kompyuta imelifunga gari kwenye hali ya kujilinda, na halitafunguka mpaka kosa lisomwe. Kama hakuna lolote kati ya hayo, endesha kilomita kumi bila kugusa breki sana, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake imeng'ang'ania, na farasi unaowatafuta wanateketea pale.